Habari za Maisha ya Daktari Norman Bethune

Katika kurasa hizi za Kiswahili zimekwisha kuandikwa habari za wafalme, za wasafiri waliotafuta chanzo cha mto Naili hapa Jinja, na za mabwana wa siasa. Leo nataka kuwapa habari za daktari mmoja ambaye kazi yake ilifika Afrika ya Mashariki ingawa yeye mwenyewe hakufika. Jina lake ni Norman Bethune, mtu wa Kanada, aliyekufa Uchina mwaka wa 1939. Wenzangu wa darasa la sayansi waliniuliza kwa nini nisimwandike Robert Koch, aliyevumbua vijidudu vya kifua kikuu mwaka wa 1882, na ambaye zaidi ya hayo alikuja mwenyewe visiwa vya Sese mwaka wa 1906 kuchunguza maradhi ya malale. Nikawajibu kwamba Koch aliyatazama maradhi hayo ya kifua katika darubini, lakini Bethune alikuwa nayo kifuani mwake.

Bethune alizaliwa mwezi wa Machi 1890 katika mji mdogo wa Gravenhurst, jimbo la Ontario. Baba yake alikuwa mchungaji wa kanisa la Presbiteri, na mama yake kabla ya kuolewa alikuwa mfanya kazi wa misheni. Basi alilelewa katika nyumba ya sala, tena ya kuhamahama, maana mchungaji hupelekwa leo hapa na kesho kule. Babu yake, aliyeitwa vile vile Norman, alikuwa daktari mpasuaji katika mji wa Toronto. Husimuliwa kwamba kijana huyu alikitwaa kibao cha jina la babu yake akakitundika mlangoni mwa chumba chake cha kulala, akawaambia watu wa nyumbani wasimwite tena Henry, jina lake la kwanza, bali Norman. Kama ni kweli au ni hadithi ya jamaa, inafanana naye kabisa.

Masomo yake hayakwenda kwa mfululizo. Aliyaacha kwa muda akaenda kufanya kazi katika kambi za wakata miti, na usiku akawafundisha kusoma wale wafanya kazi wenziwe waliotoka nchi za kigeni. Vita vya 1914 vilipoanza alijiandikisha akawa mchukuzi wa machela, akajeruhiwa mguuni karibu na Ypres mwaka wa 1915, akarudishwa kwao, akamaliza udaktari mwaka wa 1916, kisha akaingia jeshi la majini la Waingereza. Baada ya vita alikaa Uingereza kujifunza zaidi, na mwaka wa 1923 akamwoa Frances Penney, mwanamke wa Edinburgh. Mwaka uliofuata walihamia Detroit katika Marekani, naye akafungua chumba cha kutibia wagonjwa. Wengi wa wagonjwa wake wa kwanza walikuwa maskini wasio na kitu cha kulipa. Hata alipoanza kupata wale wenye fedha, akaanza kukohoa na kukonda. Mwaka wa 1926 aliambiwa kwamba ana kifua kikuu. Alikuwa na umri wa miaka 36.

Sisi wa leo hatuwezi kulielewa neno hilo kama lilivyoeleweka wakati ule. Dawa ya kwanza ya kuviua vijidudu vile, streptomaisini, haikupatikana mpaka mwaka wa 1943. Kabla ya hapo mgonjwa alipewa kitanda, chakula kizuri na hewa baridi, akaambiwa alale kimya asubiri. Bethune alipelekwa Saranac Lake, katika milima ya jimbo la New York, mahali palipokuwa na nyumba nyingi ndogo za wagonjwa wa kifua. Alimsihi mkewe amwache, asije akafungwa na mtu anayekufa, nao wakaachana mwaka wa 1927. (Walioana tena mwaka wa 1929, wakaachana tena mwaka wa 1933. Mambo haya nayaacha kwa wasomaji wetu waliokwisha kuoa.)

Katika nyumba ile ndogo alimokaa pamoja na wagonjwa wenziwe, Bethune alichora picha kubwa za rangi kwenye karatasi ndefu, akazizungusha ukutani. Zilionyesha safari ya mgonjwa wa kifua kikuu tangu tumboni mwa mama yake mpaka kaburini. Vijidudu alivichora kama ndege wabaya na majoka. Mwishoni aliyachora makaburi, lake na ya rafiki zake, akaandika na mwaka ambao kila mmoja atakufa. Mtu aliyelala akisubiri kufa, akijiandikia mwaka wake mwenyewe kwa rangi! Wengine husema ni mzaha. Mimi naona ni hasira.

Siku moja akasoma kitabu cha daktari mmoja wa Marekani, John Alexander, juu ya upasuaji wa kifua kikuu, na humo akakuta habari ya kulizimisha pafu kwa makusudi.

Hapa lazima nieleze kidogo jinsi pafu linavyokaa. Pafu si mfuko mtupu. Ni kama sifongo laini yenye kutaka kujikunja daima, kama mpira wa baiskeli uliovutwa. Hubaki limekunjuka kwa sababu kati yake na ukuta wa kifua hamna hewa, bali unyevu kidogo tu katikati ya ngozi mbili nyembamba, na unyevu huo huzishikamanisha kama vipande viwili vya kioo vilivyoloweshwa maji. Hewa ikipenya pale kati, ama kutoka nje kwa jeraha, ama kutoka ndani kwa tundu katika pafu lenyewe, mshikamano unavunjika na pafu linasinyaa. Mtu akiwa mzima, pafu la pili linaweza kumtosha. Lakini kama mapafu yake yamekwisha kuharibiwa na maradhi, basi kusinyaa kwa moja kwaweza kumwua.

Nimeliona jambo hilo kwa macho yangu. Baba yangu mdogo ni fundi wa viatu mjini Mbale. Alipata kuugua kifua kikuu zamani, akapona kwa dawa, lakini pafu likabaki na makovu. Mwaka juzi, alipokuwa Jinja kwa ajili ya kununua ngozi, maumivu kama ya kuchomwa kisu yalimshika ubavuni akashindwa kuvuta pumzi. Nilimkuta hospitalini ameingizwa bomba katikati ya mbavu, na mwisho wa bomba hilo umezamishwa katika chupa yenye maji chini ya kitanda. Kila alipokohoa, mapovu yalipanda majini. Wasomaji wa Bugisu wataelewa upesi wakikumbuka wazee wanaokaa kukizunguka chungu cha pombe na mirija yao mirefu. Mzee akipuliza mrija badala ya kuvuta, mapovu yatapanda, lakini hewa haiwezi kurudi katika mrija maana maji yameziba njia. Ndiyo kazi ya chupa ile. Hewa hutoka kifuani isirudi, na pafu hukunjuka polepole. Baba mdogo alikaa na bomba lile wiki tatu. Kila asubuhi jambo la kwanza alilotazama ni chupa, kama mapovu yamekwisha au bado.

Basi yale yaliyompata baba mdogo kwa bahati mbaya, Bethune aliyataka kwa hiari. Shauri lenyewe lilitoka kwa daktari wa Italia, Carlo Forlanini, aliyelitoa mwaka wa 1882, na sababu yake ni nyepesi. Pafu lenye kidonda halipumziki, maana hupanuka na kunywea kwa kila pumzi, mchana na usiku. Ukilisinyaza kwa kuingiza hewa kwa sindano, linatulia, na tundu la kidonda linapata nafasi ya kujifunga. Hewa hiyo hunywewa na mwili kidogo kidogo, kwa hiyo lazima itiwe tena na tena. Wakati mwingine pafu lilikataa kusinyaa kwa sababu maradhi yalikuwa yameligandisha ukutani kwa nyuzi. Kwa ajili hiyo daktari Hans Christian Jacobaeus wa Stockholm, ambaye mwaka wa 1910 aliandika habari za kutazama ndani ya kifua kwa bomba lenye taa na vioo lililopitishwa katika tundu dogo kati ya mbavu, alianza mwaka wa 1913 kuzikata nyuzi hizo kwa waya wa moto, akiziona kwa bomba lake. Huo ndio mwanzo wa upasuaji wa matundu madogo katika kifua.

Madaktari wa Saranac Lake walisita kumtia Bethune sindano, maana kazi hiyo ilikuwa na hatari zake. Yeye akawashikilia mpaka wakakubali. Mwezi wa Oktoba 1927 hewa ikaingizwa kifuani mwake. Kabla ya mwaka kwisha alikuwa ametoka pale kwa miguu yake.

Tangu siku hiyo hakutaka kazi nyingine ila vifua vya watu. Mwaka wa 1928 alikwenda Montreal, katika hospitali ya Royal Victoria, kujifunza kwa daktari Edward Archibald, mpasuaji mkuu wa vifua katika Kanada. Mwaka wa 1933 akawa mkuu wa upasuaji wa kifua katika hospitali ya Sacré-Coeur, nje kidogo ya mji huo, iliyoongozwa na masista wa Kikatoliki. Alikuwa mwepesi wa mikono na mwepesi wa hasira. Chombo kisichompendeza aliweza kukitupa chini, kisha akaenda kutengeneza kilicho bora. Makasi yake ya kukatia mbavu yalijulikana sana kwa wapasuaji, na husimuliwa kwamba alipata mfano wake kwa fundi wa viatu. Nilipomsomea baba mdogo maneno haya alisema ndiyo maana daktari yule alifanikiwa.

Lakini jambo linalotuhusu zaidi ni lile aliloandika mwaka wa 1935. Wapasuaji wa siku zile, walipotaka kukata sehemu mbovu ya pafu, waliogopa kwamba sehemu iliyobaki itasinyaa. Bethune akaona kwamba pafu lafaa kugandishwa ukutani kwanza. Akachukua unga laini wa jiwe la talki, ule ambao mama zetu huwapaka watoto, akautia ayodini, akaupuliza ndani ya kifua juu ya zile ngozi mbili, akitumia tundu dogo na bomba la kutazamia. Unga huo huziudhi ngozi, zikavimba, na zinapopona zinashikana moja kwa moja. Yaani Jacobaeus alikata nyuzi ili pafu lianguke, na Bethune alizitengeneza ili lisianguke.

Wakati wake njia hiyo ilikuwa matayarisho tu ya upasuaji mkubwa. Leo imekuwa tiba yenyewe. Mgonjwa mwenye mapafu mabovu, ambaye pafu lake limesinyaa na mapovu ya chupa hayaishi, au limesinyaa mara ya pili, lazima tundu lake lizibwe na pafu ligandishwe lisianguke tena. Zamani ilibidi kupasua ubavu mrefu na kuzitanua mbavu kwa chuma, na wagonjwa dhaifu hawakuweza kuvumilia maumivu ya kuvuta pumzi baadaye. Tangu miaka ya 1990 wapasuaji wanaingiza kamera ndogo katika tundu lenye upana wa kidole, wanatazama katika televisheni, na kwa matundu mengine mawili au moja wanabana na kukata lengelenge lililopasuka, kisha wanapuliza talki au wanasugua ngozi ya kifua. Kwa wale walio dhaifu sana hata hilo lina hatari, na wengine hutiwa talki kupitia bomba lao tu wakiwa kitandani. Baba mdogo hakufika huko. Mapovu yake yalikoma yenyewe siku ya ishirini na moja.

Nisiseme kwamba mambo ya matundu madogo ni ya Ulaya tu. Mjini Mbale, katika hospitali ya watoto ya CURE, daktari Benjamin Warf, Mmarekani aliyehamia Uganda mwaka wa 2000, aliendeleza njia ya kutibu watoto wenye maji kichwani kwa kupitisha darubini nyembamba katika tundu dogo la fuvu, na wapasuaji wa nchi nyingine wakaja kujifunza njia hiyo papo hapo chini ya mlima Masaba.

Turudi kwa Bethune. Sipendi kumfanya malaika. Alikunywa, aligombana na wakubwa wake, na wenziwe wengine walimlaumu kwamba ana haraka mno na kisu. Lakini yeye aliona jambo ambalo wao hawakutaka kuliona. Alipomponya maskini kifua akamrudisha katika chumba chake kimoja chenye baridi na watu wanane, baada ya mwaka alimwona tena. Tajiri aliyepona hakurudi. Ilikuwa miaka ya njaa na kukosa kazi. Bethune akafungua mahali pa kuwatibu bure wasio na kazi, na mwaka wa 1935 akaenda Urusi kutazama jinsi serikali ya huko inavyowatibu watu wake wa kifua kikuu. Aliporudi akajiunga na chama cha Wakomunisti. Baba yake alikuwa mchungaji na hospitali yake ilikuwa ya masista, kwa hiyo mtaona ni hatua ya namna gani. Yeye na wenzake wakatunga mpango wa matibabu ya watu wote kwa fedha ya serikali, wakaupeleka kwa wanasiasa wa Quebec wakati wa uchaguzi wa 1936. Haukupata mtetezi. Kanada ilipitisha sheria ya namna hiyo kwa nchi nzima miaka 30 baadaye, mwaka wa 1966.

Mwaka ule ule wa 1936 vita vya wenyewe kwa wenyewe vilianza Hispania, Bethune akaiacha kazi yake akaenda Madrid. Huko aliona askari wanakufa kwa kutokwa na damu kabla ya kufika hospitali. Akapanga watu wa mjini watoe damu, ihifadhiwe katika chupa ndani ya majokofu, ichukuliwe kwa motokaa mpaka karibu na mapigano. Kazi hiyo peke yake ingetosha kumpa mtu jina.

Mwezi wa Januari 1938 alisafiri kwa meli kwenda Uchina, nchi iliyokuwa imeingiwa na Wajapani. Alifika Yan'an, akaonana na Mao Tse-tung, kisha akapanda milima ya Wutai, kwenye majeshi yasiyo na hospitali, dawa wala madaktari waliosoma. Aliwafundisha vijana wa vijijini kufunga majeraha na kusafisha vyombo, akawaandikia vitabu vya masomo, akabuni sanduku la kuchukuliwa na nyumbu lenye vyombo vyote vya upasuaji. Katika pigano moja la mwaka wa 1939 aliwapasua majeruhi 115 kwa saa 69, na mahali pa kufanyia kazi palikuwa hekalu kuukuu. Kumbukeni kwamba huyu ni mtu aliyekuwa na pafu moja zima.

Mwisho wa Oktoba 1939, akifanya kazi kwa haraka bila mipira ya mikono, maana haikuwako, alijikata kidole. Siku chache baadaye alimpasua askari mwenye kidonda kilichooza, sumu ikaingia katika jeraha lake. Mkono ukavimba. Penisilini ilikuwa bado haijawa dawa ya kutumiwa na watu. Alikufa tarehe 12 Novemba 1939 katika nyumba ya mkulima, katika kijiji cha Huangshikou, akiwa na miaka 49.

Kwao Kanada hakujulikana sana wakati huo, na waliomjua wengi hawakumpenda kwa sababu ya siasa yake. Uchina ilikuwa vingine. Mwezi uliofuata Mao aliandika makala ya kumkumbuka, na katika miaka ya 1960 makala hiyo ilisomwa na kukaririwa na watoto wa shule nchini kote. Ndiyo maana madaktari wa Kichina walioshuka Zanzibar mwaka wa 1964 walikuwa watu wa nchi iliyolijua jina la Bethune, na vivyo hivyo wale waliokuja Uganda kwa mara ya kwanza mwaka wa 1983, ambao kituo chao kilikuwa hospitali ya hapa Jinja. Serikali ya Kanada ilimtangaza kuwa mtu mkuu katika historia ya nchi mwaka wa 1972, na nyumba ya Gravenhurst alimozaliwa ikafunguliwa kwa wageni mwaka wa 1976. Kaburi lake liko Shijiazhuang, katika makaburi ya mashujaa wa vita, mahali alipohamishiwa mwaka wa 1952.